Pamba Iliyohama Mkono

Shangazi wa ukurasa wa Ijumaa, shikamoo kama umenizidi umri, na kama nimekuzidi basi naiitikia mwenyewe tuendelee. Usishangae karatasi hii ikinuka, maana nakuandikia nikiwa nimejifungia ndani ya banda la kuku, nimekalia ndoo niliyoipindua, na nimechagua humu kwa sababu ndipo mahali pekee nyumbani kwangu ambapo mke wangu haingii bila kubisha hodi, kwa kuwa sheria ya kubadilisha viatu na kukanyaga dawa mlangoni niliiweka mimi, na yeye huiheshimu kuliko ninavyostahili mimi kuheshimiwa kwa sasa. Nimeharibu, Shangazi, na nisaidie kabla ya Jumamosi ya wiki ijayo.

Mimi ni mwanamume wa miaka hamsini na minane, nina mke mmoja, watoto watatu na kuku mia nne na ishirini wa mayai, na mtaani wananiita Daktari, si kwa sababu nimesomea chochote bali kwa sababu ya chanjo. Kuku wangu hawajui kideri ni kitu gani. Ukutani nina kalenda yao, kila tarehe ina alama nyekundu, kideri kila baada ya miezi mitatu bila kukosa, ndui kwa sindano ya bawa ambayo hudunga mwenyewe, mabawa mia nne kabla ya chai ya saa nne na mkono hautetemeki, na jirani akija kununua matetea namuuzia kuku na hotuba juu yake, bure. Maneno yangu watu wameyakariri: "Chanjo ya kwanza ni mlango, marudio ndiyo komeo." Mwaka juzi Mama Duka, huyu mwenye duka la hapo kwenye kona, alisahau marudio akapoteza kuku sitini kwa wiki moja, nami nikamwambia mbele ya wateja wake, "Ulidhani kinga ni urithi, ukishapewa umepewa?" Alikuwa analia, Shangazi, nami nikaendelea na hotuba. Mkumbuke huyo mama kwa sababu atarudi.

Tena nina sheria ya banda la pembeni. Kuku mgeni akija, hata awe ametoka wapi, anachanjwa na kukaa banda la pembeni siku kumi na nne ndipo asogee walipo vifaranga. Mke wangu aliwahi kuletewa jogoo na dada yake, jogoo mzuri wa haja, akanibembeleza niruhusu achanganyike siku hiyohiyo kwa kuwa dada yake analala kwetu na ataona vibaya, nikamwambia hata jogoo wa shemeji ana wadudu, sheria ni sheria. Aliwika peke yake siku kumi na nne, na shemeji akaondoka amenuna.

Sasa sikiliza yaliyonikuta. Binti yangu wa kwanza ni mwalimu, anaishi mji mwingine, safari ya siku nzima, na amekaa kwenye ndoa miaka saba bila mtoto, na katika miaka hiyo saba aliambiwa kila neno ambalo watu wasio na kazi huweza kumwambia mwanamke, mpaka ikafika wakati akawa hapigi simu siku za sikukuu. Kisha Mungu akaona. Sasa mtoto ana wiki tatu na nusu, wa kike, na amepewa jina la marehemu mama yangu. Niliposikia lile jina kwenye simu nilikaa chini palepale bandani nikalia kama mtoto, kuku wakanizunguka wakidhani nimeleta pumba.

Ila kabla hajajifungua, huyu binti alitupigia akatuambia tuweke sauti kubwa tusikie wote wawili. "Baba, Mama, nawaambia mapema msije mkanuna. Mtoto hachanjwi kifaduro mpaka afikishe wiki sita, na hapo ndiyo kwanza anaanza. Wanaowaambukiza hawa wachanga ni sisi wakubwa na vikohozi vyetu. Asiyepata sindano ya marudio hamshiki mwanangu. Awe bibi, awe babu, awe nani." Nami nikamjibu kwa sauti ya kujisikia, "Hiyo ndiyo akili, umeirithi kwa baba yako."

Mke wangu alienda kliniki Jumatatu iliyofuata, akarudi, mkono ukamuuma jioni, kesho yake akaanika nguo. Mimi nikasema nitaenda nikimaliza kuchanja kuku. Kuku nikamaliza. Nikasema nitaenda mvua ikikatika, na mvua kwa ukaidi wake ikakatika. Basi asubuhi moja nikaoga, nikavaa shati la kutokea, nikaenda, na naapa nilikuwa nimekusudia, hata mkono wa shati nilikuwa nimeukunja tangu nyumbani, lakini nilipofika nikaelekezwa kwenye chumba cha chanjo, na chumba chenyewe kimejaa kina mama na wachanga wao, ukutani wamechora sungura na maputo, nafasi iliyobaki ni kiti kimoja cha mbele cha kimo cha chekechea, nikakikalia, magoti yakanifika kidevuni, mimi na mvi zangu, na wote wakanigeukia, hata wale wachanga.

Mara nasikia, "Daktari! Na wewe umekuja kuchanjwa?" Ni Mama Duka, na mjukuu mgongoni. Shangazi, ningesema ndiyo, leo nisingekuwa juu ya ndoo. Nikasema, "Aa, mimi nimemleta mjukuu." Akauliza, "Yuko wapi?" Na wakati huohuo msichana aliyekaa jirani yangu akaniambia, "Baba, nishikie huyu kidogo nikachukue kadi dirishani," akaniwekea mtoto mapajani, nami shetani akanipitia, nikamwonyesha Mama Duka: "Huyu hapa."

Nesi akaita anayefuata, na anayefuata ni mimi. "Lete mtoto, mzee. Anaitwa nani?" Nikasema jina analo mama yake. "Ana umri gani?" Nikamgeuza huku na huku, nikasema bado mdogo. "Mara ya mwisho alikuwa na uzito gani?" Hapo ndipo lilipokuja swali ninaloliweza, nikamnyanyua kwa mikono miwili kama ninavyonyanyua tetea la kuuza, nikampima, nikasema, "Kilo nne na robo." Nesi akamweka kwenye mizani. Ilikuwa kilo nne na robo kamili, haikuzidi wala kupungua. Badala ya kunipongeza, akamwita mlinzi.

Mama wa mtoto akarudi, mambo yakafafanuka, chumba kizima kikacheka, Mama Duka akacheka mpaka mjukuu akaamka mgongoni. Nesi akajifuta machozi akaniuliza kwa upole kabisa, "Sasa mzee, wewe mwenyewe ulikuja kufanya nini?" Na sindano naiona, iko hatua tatu. Nikasema nimekuja kutafuta soko la mayai. Akaagiza trei mbili. Nilipoyapeleka sikuingia ndani, niliyaacha kwa yuleyule mlinzi.

Kurudi nyumbani nikapitia bandani, nikachukua pamba ya kwenye boksi la dawa za kuku na selotepu ninayobandikia lebo za trei, nikajibandika begani. Mke wangu akaniuliza imekuaje, nikasema "aah, kawaida," kisha nikaguna kidogo ili iwe na uzito, na hilo guno ndilo lililoniponza, kwa sababu aliniwekea mto, akaniletea uji kitandani, akachota maji yeye, akalisha kuku yeye, siku tatu, na siku ya tatu nilikuwa naguna hata nikiwa peke yangu. Akanipiga picha na pamba yangu akaituma kwenye kundi la familia kwenye simu, na binti akaandika, "Baba ni mfano wa kuigwa." Ndipo kaka yangu mkubwa, mzee wa miaka sitini na sita ambaye daktari humjua kwa kumwona tu akipita barabarani, akaandika, "Kama huyu mwoga ameweza, mimi ni nani?" Akaenda kuchanjwa. Wakaenda na wanangu wawili wa kiume. Akaenda shemeji yule wa jogoo na mumewe. Watu watano, Shangazi, wamechanjwa kwa ajili ya pamba yangu, na katika ukoo mzima aliyebaki bila chanjo ni mimi niliyewahamasisha.

Na kuna jambo jingine dogo. Siku ya pili nilipotoka kuoga nilibandika pamba upya, na nikaibandika mkono wa kulia, wakati siku ya kwanza ilikuwa wa kushoto. Mke wangu aliitazama. Akautazama mkono wa kushoto. Akaniuliza kama uji una sukari ya kutosha. Tangu siku hiyo hajasema lolote kuhusu chanjo, na kunyamaza kwake kunanitisha kuliko sindano yoyote.

Sasa binti anakuja Jumamosi ya wiki ijayo kukaa mwezi mzima, na amesema mtoto akishuka tu kwenye gari wa kwanza kumshika ni babu, mbele ya wote, na picha ipigwe. Na tangu juzi nina kikohozi. Nadhani ni vumbi la pumba, lakini usiku nikikohoa mke wangu anajigeuza upande wa pili, na najua hajalala. Naomba uniambie: hili kovu la chanjo ya utotoni nililonalo begani si linatosha? Kama halitoshi, siwezi kumshika dakika moja tu nikiwa nimejifunga kitambaa mdomoni? Au niende kimya kimya kuchanjwa Ijumaa, ili Jumamosi niwe tayari na mtu asijue? Au nijisingizie mgongo? Sijamwona, Shangazi, ila kila nikishika tetea najiuliza yeye ana uzito gani.

Mwisho, mke wangu hununua gazeti hili kwa Mama Duka kila Ijumaa asubuhi, na huusoma ukurasa wako kwa sauti wakati tunapanga mayai kwenye trei. Ijumaa utakayonijibu nitajitahidi nifike dukani kabla yake, ingawa pale kwa Mama Duka sijakanyaga tena, hata chumvi nanunua mtaa wa pili. Kwa usalama naomba usitaje idadi ya kuku, na ile sehemu ya kilo nne na robo uiruke.

Ni mimi,
Daktari wa Kuku

*

Daktari, inuka kwenye hiyo ndoo, nyoosha mgongo, unisikilize.

Barua yako ilinifikia Jumanne. Nimemwomba mhariri aipitishe mbele ya barua ya bibi harusi aliyegombana na mawifi zake, maana mawifi watakuwepo hata mwezi ujao, lakini mjukuu wako anakuja Jumamosi ya wiki ijayo. Idadi ya kuku nimeiacha ilivyo na sababu utaiona. Kilo nne na robo nazo nimezichapisha. Hapa ofisini wangenigomea.

Kwanza nikupe pole, na ni pole ya kweli. Ile aibu ya kwenye kiti cha chekechea si yako peke yako. Tumezoea kusema chanjo ni mambo ya watoto, tukachora sungura ukutani, halafu tunashangaa watu wazima hawaji. Kituo kinachomkalisha babu magoti kidevuni nacho kinahitaji ushauri, na nitakiandikia. Na huyo binti aliyevumilia miaka saba ya maneno ya watu, mwambie hapa ofisini kuna mtu asiyemjua aliyemfurahia.

Huruma yangu imeishia hapo.

Wewe mtu mzima, unayedunga mabawa mia nne kabla ya chai, ulishindwa kuutoa mkono mmoja udungwe! Ulimwambia mwanamke aliyefiwa na kuku sitini kwamba kinga si urithi, ukamwambia akiwa analia, kisha wewe unanionyesha kovu la begani kama hati ya shamba. Nimemuuliza nesi mmoja ninayemwamini, akanijibu kabla sijamaliza swali. Kovu la namna hiyo, amesema, kwa kawaida ni la chanjo ya kifua kikuu uliyochomwa ukiwa mchanga, na kifaduro hakilijui. Hata hizo nyingine ulizopata utotoni, kinga yake hufifia miaka inavyopita, ndiyo maana mtu mzima hurudia. Maneno hayo si mageni kwako. Chanjo ya kwanza ni mlango, marudio ndiyo komeo. Umeishi zaidi ya miaka arobaini mlango umeegeshwa tu.

Hicho kikohozi chako usikiite vumbi kabla hakijapewa jina na mtu aliyesomea. Nesi ameniambia jambo ambalo limenikosesha raha tangu Jumanne: kifaduro kwa mtu mzima kinaweza kuwa kikohozi tu, cha kuudhi, mtu akaenda nacho kazini wiki nzima. Kwa mtoto wa wiki tano kinaweza kumkata pumzi. Wengine katika hao wadogo hawakohoi hata kidogo, wananyamaza tu. Basi hiyo dakika moja ya kitambaa mdomoni unayoniomba mimi, kamwombe yule aliyengoja miaka saba. Huwezi. Hata mimi siwezi kukuombea.

Kuhusu kwenda kimya kimya Ijumaa ili Jumamosi uwe tayari, nilicheka. Jogoo wa shemeji alichanjwa siku aliyofika, mbona hukumwachia siku ya pili yake? Kwa sababu unajua, tena kuliko mimi, kwamba chanjo haifanyi kazi siku unayodungwa. Kwa mtu pia mwili unahitaji kama wiki mbili kujenga kinga. Na mgongo uuache, usije ukaletewa uji mwingine.

Sasa nikwambie kwa nini sikuificha idadi ya kuku. Barua yako ni ya pili kutoka nyumba hiyo. Ya kwanza ilikuja mwezi uliopita, fupi, mwandiko wa kike, kwenye karatasi isiyonuka. Ilisema: "Mume wangu ana kuku mia nne na ishirini na pamba inayohama mkono. Nimempikia uji siku tatu nione atafika wapi. Usiichapishe, nilitaka tu kumwambia mtu." Nyumba za namna hiyo si nyingi, Daktari. Alikuwa ameandika namba ya simu chini, nikampigia Jumanne kumwomba ruhusa ya kuyataja haya. Sikumwambia kwamba umeniandikia, naye hakuuliza. Alicheka mpaka simu ikakatika. Halafu akapiga tena yeye, na safari hii hakuwa anacheka.

Aliniambia hivi, nami nimeandika kama alivyosema: "Nimekaa naye miaka thelathini na miwili. Akidanganya huwa mpole, ndivyo ninavyomjua. Hiyo sindano hainisumbui, hata mimi niliiogopa. Nangoja aseme mwenyewe. Akinyoosha mikono kumpokea yule mtoto kabla hajasema, nitasema mimi, mbele ya watu wote. Na nikishasema, tutaendelea kuishi nyumba moja, lakini sijui nitakuwa namtazamaje."

Basi wewe unadhani una siri inayokulinda. Huna siri. Ulichobakiwa nacho ni nafasi, na mwenye kukupa hiyo nafasi ndiye aliyekulishia kuku huku umelala unaguna.

Fanya hivi. Kama unasoma haya umemtangulia dukani, gazeti usilifiche, lirudishe mahali pake urudi nyumbani. Mwache alilete, mkae na trei zenu, aanze kusoma. Akifika penye neno "kuku", kabla hajafika penye pamba, mshike mkono asimame, na umwambie kwa mdomo wako. Usianze na mvua. Usianze na sungura wa ukutani. Sema, "Sikuchanjwa, nilikudanganya." Akitaka kucheka acheke, akitaka kulia umwache alie, na akitaka kuendelea kusoma kwa sauti hadi mwisho, ukae hapo usikilize, hayo ndiyo malipo ya uji.

Mkimaliza, leo hiihii, mwende wote wawili kliniki. Kikohozi kwanza: kionwe na daktari wa binadamu, na kama ni kifaduro kina dawa zake, na siku za kukaa mbali atakupangia yeye, mimi simwingilii. Kama si chochote, ukunje mkono. Kwenye sindano hiyo ya marudio kuna kinga ya pepopunda pia, na mtu anayekatwa na waya wa banda kila wiki hapaswi kuambiwa mara mbili. Uliza na ya mafua ya kila mwaka, na nyingine zinazofaa umri wako, maana sitini inakukaribia na homa ya mapafu haijali jina la utani. Omba kadi. Ukifika nyumbani itundike ukutani kando ya ile kalenda ya kuku, na uandike tarehe ya kurudia kwa kalamu nyekundu. Ukiwekewa kiti cha chekechea, kikalie. Mama mmoja akikuomba umshikie mtoto, mwambie bado, arudi baada ya siku kumi na nne.

Mpigie binti yako kabla ya jua kuzama. Sentensi ni moja: "Mwanangu, nilikudanganya, sikuwa nimechanjwa, leo nimechanjwa kweli, na nitakaa mbali na mtoto mpaka siku kumi na nne zitimie." Atakasirika. Ana haki, na hasira hiyo utaibeba. Kaka yako naye atakuita mwoga kwenye kundi la familia, umwache aandike mpaka achoke. Amechanjwa, na hilo huwezi kumnyang'anya. Na ukitoka kliniki upite kwa Mama Duka ununue chumvi yako hapohapo, umwambie pole ya kuku sitini. Miaka miwili ameingoja.

Hesabu mwenyewe. Ukichanjwa leo, mtoto atafika ukiwa kwenye siku ya nane. Zinabaki sita. Siku sita utakuwa kwenye banda la pembeni, Daktari, upande wa pili wa sebule, unamwona akipita mikononi mwa kaka yako, wanao, shemeji wa jogoo, kila mtu uliyemtuma kuchanjwa kwa pamba ya uongo. Utasikia jina la mama yako likiitwa chumba kizima na mikono yako itakuwa mitupu. Itakuuma, na hakuna wa kukuletea mto.

Kisha itafika Ijumaa. Siku hiyo uoge, uvae lile shati la kutokea, unawe mikono mpaka kwenye viwiko, ukae kwenye kiti chenye mgongo. Usimwombe mtu. Mke wako atakuletea mtoto mwenyewe, namjua kwa sauti tu lakini hilo najua. Mpokee, mnyanyue kidogo kwa mikono miwili, umpime. Halafu uniandikie ana kilo ngapi. Safari hiyo nitakuamini bila mizani.